Jumla ya Mstari wa Nne na wa Tisa

Si zamani sana niliitwa kwenye chuo kimoja hapa Butembo kutengeneza projekta. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi: projekta, televisheni, vipaza sauti vya makanisa vinavyopiga mluzi katikati ya mahubiri. Nilikuwa chini ya meza, bisibisi mdomoni, wakati mwalimu wao, binti mdogo tu, alipoanza kuwaeleza wanafunzi jinsi ya kurusha video bila waya kwa simu nyingi kwa wakati mmoja. Alisema kurusha si tatizo. Tatizo ni kwamba hewa inakula. Picha hukatwa vipande vidogo vidogo na kutumwa, na kila simu hupoteza kipande chake. Hii imekosa cha nne, ile imekosa cha tisa. Ukianza kumrudia kila mmoja alichokosa, video itaganda na watu wataizima.

"Donc," akasema, yaani basi, akachukua chaki, "hapana turudilie yote mbili. Tunachanganya cha ine na cha tisa, tunatuma mara moya tu. Mwenye iko na cha tisa, anakitoa, inabakia cha ine. Mwenye iko na cha ine, anakitoa, inabakia cha tisa. Tumetuma mara moya, na bote bamepata."

Nilitoa bisibisi mdomoni. Sikuweza kujizuia.

"Madame," nikasema kutoka chini ya meza, na wanafunzi wakacheka kusikia meza inauliza swali, "na kama mumoya anasema amepata, na kumbe hapana amepata?"

Akainama kunitazama. Alikuwa na adabu, akanijibu kama mtu anavyomjibu baba yake. "Papa, telefone hapana sikiaka haya. Kama imekosa, inasema imekosa."

Nikarudi kwenye nyaya zangu. Projekta ilipona, nikafungasha vyombo, nikatoka bila kuaga. Nilipofika barabarani uso wangu ulikuwa bado unawaka, na mimi si mtu wa kuona haya upesi. Mke wangu atakuambia. Lakini jambo lile alilolichora yule binti ubaoni nililifanya mimi wakati wa vita, kwa redio na kalamu ya risasi, kabla yeye hajaota meno. Nililifanya na nikajisifu sana. Na mtu mmoja alikufa Mavivi, mke wake akiwa hajaitwa kwa wakati.

Wakati ule kanisa letu la Kiprotestanti lilikuwa na foni, yaani ile redio ya kuongelea mbali, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Antena ilikuwa waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Betri ilikuwa ya lori, na tuliipeleka kwa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, hadi kwenye mashini ya kusaga muhogo ili ijazwe moto, yaani umeme. Mwenye mashini aliwasha siku alizopata mafuta tu. Askari walioushika mji walituruhusu kuongea nusu saa kwa siku, kuanzia saa nane mchana, na mmoja wao alikuja kila siku kukaa mlangoni na kusikiliza. Dakika ya thelathini na moja hatukuijaribu hata mara moja.

Kazi ya nusu saa ile ilikuwa moja. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda kaskazini kupasua mbao, kuchimba dhahabu, kuuza vitunguu. Vita vikawakuta huko. Waliopona walishuka kwa miguu kwa njia ya Oicha, na wagonjwa na majeruhi waliishia kwenye zahanati moja ya Mavivi, pale uwanja wa ndege wa Beni ulipo. Zahanati ile, kama zote nizijuazo, ilikuwa na vitanda na sindano. Chakula haikuwa nacho. Mgonjwa wa kwetu lazima awe na mlinzi, mtu wa nyumbani anayekuja na sufuria yake, anapika nje, anamlisha, anamuosha, anamgeuza kitandani. Asiye na mlinzi hula kwa huruma ya mlinzi wa kitanda cha jirani, na wakati wa vita huruma hiyo ilikuwa vijiko viwili, vitatu. Kwa hiyo kila siku Mavivi ilitupa orodha ya wagonjwa wasio na mlinzi. Foni yao ilikuwa dhaifu, haikufika mbali kuliko Butembo. Mimi ndiye niliyeisoma upya kwa vituo vyote, Kasindi kule mpakani, Alimbongo kule kusini, na vingine vya katikati, ili kila kituo kiite watu wake.

Majina hayakutusaidia kitu. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Ukiita jina la mzaliwa wa pili sokoni, utageukiwa na nusu ya wanaume. Ndiyo maana kila familia iliyokuwa inatafuta mtu wake ilikwenda kwenye kanisa la kwao, na mtu wake akaandikwa kwenye daftari kwa namba. Daftari likanakiliwa, likapelekwa vituoni kwa baisikeli. Namba za mia mbili na kitu zilikuwa za Alimbongo. Za mia moja na hamsini na kitu zilikuwa za upande wa Kasindi. Mavivi ikipokea mgonjwa ilimuuliza kijiji chake na jina la baba yake, ikatafuta namba, ikanipa. Nami nilisoma hewani: mstari wa kwanza, namba hii; mstari wa pili, namba hii; hadi kumi na mbili, siku nyingine kumi na tano. Kituo kikishajibu "mustari ule, tumeita," niliufuta. Kisipojibu, niliusoma tena kesho yake mahali palepale.

Na hewa ilikula. Mvua ya Butembo hamuijui. Inakuja saa nane kamili, ni kana kwamba nayo ilipewa ruhusa na askari. Alimbongo ilikosa mstari wa nne, Kasindi ikakosa wa tisa, kituo kingine kikakosa wa pili na wa sita. Nikiwarudia wote, nusu saa iliisha na wengine hawajapata kitu.

Hesabu ile ilinijia nikingoja betri kwenye mashini ya muhogo, unga umenijaa kichwani. Nilifurahi peke yangu mpaka mwenye mashini akaniuliza kama nimepata habari njema. Kama Alimbongo imekosa wa nne na ina wa tisa, na Kasindi imekosa wa tisa na ina wa nne, kwa nini niseme namba mbili? Nazijumlisha, natuma jumla moja. Kila mmoja atoe aliyo nayo, atabaki na aliyokosa. Siku ya kwanza kuijaribu tulimaliza orodha nzima na zikabaki dakika sita. Vituo vilinisifu hewani. Kasindi aliniita profesa. Nililala na jina hilo kama mtoto na kiatu kipya.

Mwanzoni nilikuwa mwangalifu. Kila kituo kilichotoa hesabu kilirudisha hewani namba kiliyoipata, nami nililinganisha na karatasi yangu. Kisha nikaona kurudisha kule kunakula dakika zangu. Jumla ni jumla, nikasema. Nani asiyejua kutoa? Nikaifuta kanuni ile. Tangu siku hiyo niliuliza tu, nani amekosa mstari gani, nikatuma jumla, kituo kikasema "tumeita," basi. Hakuna aliyeniagiza kufanya vile. Ni mimi peke yangu, kwa kutaka zibaki dakika nane badala ya sita.

Kituo cha Alimbongo kilishikwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Huyu mzee alikuwa amenifundisha mimi darasa la nne hapa Butembo, kabla ya kurudi kwao. Kujumlisha na kutoa nilivijua kwake. Alikuwa na desturi yake: ukikosea, alikuambia "Simama kwenye ubao," nawe ulisimama pale, uso kwa darasa, mpaka kengele. Mimi nilisimama sana. Sikuwa mjinga, nilikuwa na haraka. Na nilipomkuta tena hewani, yeye mzee wa masikio mazito na mimi mkubwa wa foni, nilihisi utamu fulani moyoni, na utamu huo leo nauonea haya kuliko mambo mengi niliyofanya nikiwa na akili timamu.

Yeye alikosa mistari kuliko wote. Alimbongo iko mbali, na masikio yake yalikuwa yale. Lakini alikuwa mkweli: kila siku alisema bila kuficha, "Miye nimekosa wa pili, wa tano, wa kumi." Kila alichokosa kiliniharibia hesabu, maana mtu aliyekosa mitatu hawezi kusaidiwa kwa jumla moja. Siku moja alikosa mitano. Nikashika kitufe cha kuongelea nikasema, mbele ya vituo vyote:

"Mwalimu, masikio uliyaacha ku shamba? Simama kwenye ubao!"

Walicheka. Kwenye foni huwezi kucheka pamoja. Kila mtu hubonyeza kitufe chake kwa zamu ili kicheko chake kisikike, kwa hiyo alichekwa na Kasindi, akafuata huyu, akafuata yule, kituo kimoja baada ya kingine. Hata askari wetu wa mlangoni alicheka.

"Niko kwenye ubao," akasema mzee. "Endelea, mutoto yangu."

Siku mbili zilizofuata Alimbongo haikukosa kitu. Nikasema moyoni, unaona, mzee alikuwa anasinzia tu, nimemwamsha. Ulimi hauna mfupa, na wangu wakati ule ulijiona una akili pia.

Siku ya tatu mvua ilikuja na radi. Nilisoma orodha. Mstari wa nne ulikuwa mbili, moja, nne, mtu wa Alimbongo. Mstari wa tisa ulikuwa moja, tano, nane, mtu wa upande wa Kasindi. Nilipouliza, Kasindi akasema amekosa wa tisa tu. Nikamuuliza mzee. Akachelewa kujibu. Nakumbuka kuchelewa kule vizuri, kwa sababu nilitazama saa.

"Nimekosa wa ine," akasema. "Wa ine peke yake."

"Wa tisa unayo?"

Akachelewa tena.

"Niko nayo."

Nikajumlisha kichwani, nikatuma: wa nne na wa tisa pamoja, mia tatu sabini na mbili. Kasindi akasema, "Wa tisa, tumeita." Baada ya muda Alimbongo akasema, "Wa ine, tumeita." Nikaifuta mistari yote miwili kwa kalamu, na zilikuwa zimebaki dakika tisa. Nilimtazama askari wa mlangoni ili aone.

Siku saba baadaye Mavivi iliniita. Mwendeshaji wao alikuwa muuguzi, mtu asiye na maneno mengi. Akasema mlinzi wa mstari wa nne, yule wa juma lililopita, amefika kutoka Alimbongo kwa miguu, siku sita. Lakini mgonjwa si mtu wake. Mama yule alikuwa anatafuta mume wake, mwenye namba mbili, mbili, moja. Aliyeko kitandani ni mbili, moja, nne, mume wa jirani yake. Ana kidonda cha mguu kilichooza na homa. Tangu alipolazwa hakuwa na mlinzi. "Mwite bibi yake," akasema muuguzi. "Upesi."

Nikachukua karatasi ya juma lile. Mia tatu sabini na mbili, toa mia mbili ishirini na moja. Inabaki mia moja hamsini na moja. Nikageuza karatasi ya siku iliyotangulia. Mia moja hamsini na moja ilikuwa mstari wa tisa wa jana yake, na wa juzi yake, na wa siku iliyotangulia juzi. Kasindi ilichelewa kuipata familia ile, kwa hiyo nilikuwa nimeisoma siku tatu mfululizo mahali palepale. Mzee hakuwa na wa nne, na hakuwa na wa tisa. Alikuwa amekosa miwili. Aliogopa kusema miwili. Akaandika wa tisa wa jana, akaamini haujabadilika, akatoa hesabu yake, na hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Alijua kutoa kuliko mimi.

Nilielewa hayo yote kabla karatasi haijatulia mkononi mwangu. Nilielewa pia kwamba kama ningemwacha arudishe namba hewani, kama tulivyofanya mwanzo, angesema mbili, mbili, moja, nami ningesema hapana, tazama tena, na yule mama angeondoka siku ileile. Sikumwambia mtu. Nilisoma tu, kabla nusu saa yetu haijaisha: Alimbongo, namba mbili, moja, nne, mlinzi aje haraka. Nikarudia mara tatu. Safari hii mzee akairudisha hewani bila kuombwa, tarakimu kwa tarakimu.

Mke wa mbili, moja, nne aliondoka kesho yake alfajiri. Alipata lori hadi Lubero, akatembea sehemu iliyobaki, akafika Butembo siku ya tatu, kabla ya saa nane. Walimleta ofisini kwetu apumzike. Alikuwa mwanamke mwembamba, sufuria mgongoni imefungwa kwa kitenge, miguu myekundu kwa udongo. Alikaa kwenye benchi la chumba cha foni. Aliniuliza kama Beni ni mbali, nikamwambia siku mbili kwa miguu, au moja akipata gari. Akasema basi, kesho kutwa atakuwa anampikia.

Saa nane nikawasha. Mavivi ndiyo ilianza, na muuguzi hakujua nani amekaa nyuma yangu.

"Mbili, moya, ine amekufa leo asubui," akasema. "Tutamuzika hapa hapa."

Nilizima sauti, lakini alikuwa amesikia. Namba yake aliijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kitenge chake. Alifungua kitenge, akaishusha sufuria chini polepole sana, akaifunika kifuniko chake. Kisha akaniuliza, na kila mtu mwenye mume angeuliza vile:

"Sasa, papa, juu ya nini baliniita nyuma? Jirani yangu balimwita mbele, siku saba. Juu ya nini miye nyuma?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Ningesema, mama, ni mimi. Nilimchekesha mzee hewani mpaka akaogopa kusema amekosa, na nilikuwa nimefuta kanuni ambayo ingemsahihisha. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Ni Mwalimu wenu kule. Alikosea hesabu."

Akatikisa kichwa, akasema, "Ni muzee." Kama mtu anayemtetea. Akaendelea na safari hadi Mavivi ili aone udongo, nami nikarudi kwenye foni.

Siku ileile, hewani, mbele ya vituo vyote, nikamuuliza Alimbongo kama anajua kilichotokea kwenye mstari wa nne. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilitaka vituo visikie kosa ni la nani kabla havijaanza kufikiri. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi niliyelia kwenye ubao nikiwa na miaka tisa nilijua vizuri ninachomfanyia.

"Ni miye," akasema mzee. "Nilisema niko na wa tisa, na hapana nilikuwa nayo. Nilisema bongo, uongo mutupu. Munisamehe."

Hakutaja ubao. Hakutaja kicheko. Nilimngoja ataje, nikiwa nimejiandaa kukana. Lakini hakutaja, wala siku ile wala baadaye, na kesho yake alituma ujumbe kwamba anaacha foni.

Nilitumwa mimi kwenda Alimbongo kumfundisha atakayechukua nafasi yake. Nilikwenda kwa pikipiki ya kanisa, nikafika Jumamosi, na Jumapili nikaingia ibadani kama ilivyo ada, nikapewa kiti cha mgeni, mbele, karibu na meza ya Bwana, uso kwa waumini. Sikujua lililopangwa. Baada ya mahubiri mchungaji akasema kuna ndugu mwenye neno la toba, na mzee akasimama.

Alikuwa amevaa koti na tai. Mkononi alikuwa na kofia yake, akiizungusha taratibu. Alisema amesema uongo kwenye kazi ya Mungu, na kwa uongo wake mama mmoja hakumwona mume wake, na mama mwingine alitembea siku sita kumfuata mume asiyekuwepo. Aliomba awekwe nje ya meza ya Bwana kwa muda ambao kanisa litaona vema. Hakuna aliyemlazimisha. Wale mama wawili walikuwa wamekaa pamoja upande wa wanawake. Walikuwa wamerudi kutoka Mavivi pamoja. Yule wa mbili, mbili, moja alikuwa akilia. Namba ya mume wake haikusomwa kamwe, na mimi nilikuwepo mpaka siku ya mwisho ya foni ile.

Mchungaji akageuka kwangu. "Mbele ya kumuombea ndugu yetu," akasema, "mugeni wetu wa Butembo, mukubwa wa phonie, yuko na neno?"

Basi, nilipewa nafasi. Watu wengi wenye dhambi hutafuta nafasi hawaipati. Mimi niliitiwa, kwa jina la kazi yangu, kanisa zima likinitazama. Mzee naye alinitazama. Naapa macho yake hayakuwa yakinidai kitu. Alikuwa akinitazama kama alivyotutazama zamani, tukiinuka kujibu, akitumaini tu kwamba tutapata.

Nikasimama. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Kanisa la Butembo banawasalimia. Banawaombea." Nilikuwa nalo pale kwenye ulimi. Nikasema: "Na sisi ba phonie, tumemusamehe Mwalimu."

Wakasema amina. Mzee akainamisha kichwa, akasema, "Aksanti, mutoto yangu," nami nikakaa.

Nimekaa na sentensi hiyo miaka yote hii. Kusema uongo kwa mjane ofisini nilikufanya ghafla, kwa woga, na mtu mwenye huruma angeweza kunitafutia udhuru. Lakini kumsamehe yule mzee nilikufanya nimesimama wima, nimevaa viatu vilivyopigwa rangi, nimepewa muda wa kufikiri. Alifariki kabla vita havijaisha. Wakati huo alikuwa ameshapokelewa tena kwenye meza ya Bwana, na mimi sikuwa nimewahi kuondolewa.

Baada ya ibada nilikuwa nikifunga mzigo kwenye pikipiki mke wa mbili, moja, nne aliponifuata. Alinipa mkono kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mkubwa.

"Papa," akasema, "siku ile balimwita jirani yangu, siye bote tulimusaidia na vya njia. Kila mutu na kitu yake. Miye nilimupatia maharagi, kilo mbili. Nilijua ni ya bwana yake." Akatazama chini. "Sasa yeye anasema alipikaka yale maharagi kwanza, kule Mavivi. Bwana yangu aliyakula. Aliuliza yale maharagi yalitoka wapi. Jirani akamwambia ni yangu, yalitoka nyumbani kwake. Akafurahi sana."

Nikakaza kamba ya mzigo.

"Donc alikula ya nyumbani kwake," akasema. "Ni juu ya phonie yenu. Kama phonie yenu hapana ilikuwa, hata ile hapana angekula."

Kisha akatoa mfuko uliokuwa chini ya kitenge chake na kuuweka juu ya tangi la pikipiki, maana mgeni wa kwetu haondoki mikono mitupu. Yalikuwa maharage, yale mekundu madogo ya kule juu. Nilisema aksanti mama. Niliyafunga vizuri ili yasimwagike kwenye mashimo, nikayafikisha Butembo salama, na mke wangu akayapika. Yalikuwa matamu. Nilikula, nikaongezewa, nikala tena, na aliponiuliza nimeyapata wapi nilimwambia ni zawadi ya kazi.